“Nimeshakula”: Hotuba kwa wazazi, walimu na matroni kuhusu maradhi ya ulaji

Wakubwa zangu shikamooni. Walimu, matroni, wazazi mliopanda magari ya alfajiri ili kuwahi kikao hiki, asanteni. Nitajaribu nisiwachoshe, lakini yako mambo mawili matatu nitayakalia kitako, kwa sababu yanaua na wengi hawayajui.

Nianze na neno ambalo kila mmoja wetu amelisikia nyumbani kwake: “Nimeshakula.” Mgeni hulisema kwa adabu. Mtoto hulisema akiwa na haraka ya kurudi uwanjani. Lakini ziko nyumba ambamo neno hilo husemwa kila siku, na msichana wa miaka 15 aliyevaa sweta ilhali wenzake wanajipepea. Sahani yake inarudi jikoni ugali umemegwa vipande vidogo vidogo, samaki ametolewa miba yote lakini hakuliwa, mboga imefukiwa chini ya ugali. Akiulizwa: nimeshakula kwa kina Zuhura. Akibanwa: tumbo linauma. Nyumba hiyo ndiyo nimekuja kuizungumzia.

Haya ni maradhi ya akili, kama sonona ilivyo maradhi ya akili, ila yenyewe huutesa mwili kupitia sahani. Yako ya namna kadhaa. Katika anoreksia, mtu hujinyima chakula hadi uzito wake ushuke chini ya unaofaa kwa umri na kimo chake, naye huogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa. Mkimweka mbele ya kioo, nyinyi mnaona mifupa, yeye anaona mafuta. Katika bulimia, mtu hufakamia chakula kingi mno kwa muda mfupi, akihisi mkono unakwenda wenyewe, kisha anajaribu kukifuta alichokula: anajitapisha, anakunywa dawa za kuendesha, anashinda na njaa kesho yake, au anafanya mazoezi hadi aishiwe nguvu. Jambo hili likitokea angalau mara 1 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, daktari huliita ugonjwa. Namna ya tatu ni kufakamia kusikofuatwa na kutapika: mtu anakula upesi, peke yake, hata bila njaa, hadi tumbo liume, halafu anabaki na aibu. Huku kwetu huyo huitwa mlafi, na neno hilo limewazuia wengi kutafuta msaada. Na wako watoto wanaokataa karibu kila chakula kwa sababu ya harufu, ulaini wake au hofu ya kupaliwa. Hao hawana habari na unene wala wembamba, lakini hudumaa vilevile.

Wanaotafuna udongo, ile pemba inayouzwa sokoni, nao wamo katika familia hiihii. Mjamzito au msichana asiyeweza kupitisha siku bila pemba apimwe damu kabla ya kuchekwa, maana mara nyingi ana upungufu wa madini ya chuma. Kwa mjamzito, hemoglobini iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita tayari ni upungufu wa damu. Hilo naliacha hapo.

Watu husema haya ni maradhi ya Wazungu. Kweli, walioyaandika kwanza kwa majina tunayotumia leo walikuwa Ulaya: anoreksia ilielezwa na madaktari William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, wote wawili mwaka 1873, na bulimia ikaelezwa na Gerald Russell mwaka 1979. Lakini kuandikwa kwanza mahali fulani si kuishi huko peke yake. Katika jimbo moja la Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ambako mwili mnene ulikuwa ndiyo heshima ya mtu, televisheni ilifika mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa sekondari mwaka huo na tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupatikana hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apungue. Miaka 3 baadaye walikuwa asilimia 11. Hapa Tanzania utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wanawake zaidi ya 200, ulikuta kwamba waliokuwa karibu zaidi na vyombo vya habari ndio waliokuwa na dalili zaidi. Siku hizo simu janja hazikuwapo mikononi mwa watoto.

Kwetu ugonjwa huu una vichaka vyake vya kujificha. Mtu akikonda, majirani wananong’ona kuhusu Ukimwi. Akitapika, anapewa dawa za vidonda vya tumbo, mwezi baada ya mwezi. Akinyamaza na kujitenga, anapelekwa kutolewa jini. Simkejeli yeyote. Kukonda kunaweza kweli kuwa kifua kikuu, kisukari, VVU, tezi ya shingo au minyoo, na daktari mzuri atapima hayo yote kwanza. Kosa letu ni kwamba majibu yakirudi safi, tunamrudisha mtoto nyumbani na kusema hana ugonjwa.

Kichaka kingine ni biashara. Fungua simu uone chai za kupunguza tumbo zinavyouzwa. Nyingi ndani yake mna sanamaki, jani ambalo bibi zetu wa Pwani walilitumia kwa kukosa choo, siku moja au mbili, basi. Sanamaki huchokoza utumbo mpana. Chakula kwa sehemu kubwa kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla hakijafika huko, kwa hiyo kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani inashuka kilo 1 leo, kesho mtu akinywa maji inapanda, anaogopa, anaongeza dozi. Mafuta yako palepale. Kilichopungua ni potasiamu, na potasiamu ndiyo inayousaidia moyo upige kwa mpangilio. Upande wa pili wa duka hilohilo wanauza vidonge vya kuongeza mwili, vingi vikiwa deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi. Aliyevitumia muda mrefu asiviache kwa ghafla bila daktari, kwani tezi zake zimezoea kulala na anaweza kuzimia na kufa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa mtoke nalo hata mkisahau mengine: njaa yenyewe huigeuza akili. Mwezi Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana wa kiume 36, wazima wa mwili na akili, waliojitolea. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichohitaji, hadi wakapoteza kama robo ya uzito wao. Hakuna aliyekuwa na hofu ya kunenepa pale, wala aliyekuwa na ugonjwa wa akili. Lakini njaa ilipowakolea, walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Walikikatakata chakula, wakakichanganya na maji, wakakaa na sahani moja saa mbili. Waliona baridi wakati wengine wanaona joto. Walikuwa wakali, wakajitenga, wakapoteza hamu ya mapenzi, hawakuweza kufikiri kitu kingine ila chakula. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walifakamia hadi wakatapika na bado wakasema hawajashiba.

Mrudishieni sasa macho yule binti mwenye sweta, anayemega ugali vipande vidogo na kupenda kuwapikia wenzake huku yeye hali. Nusu ya tabia tunazomgombeza nazo ni kazi ya njaa. Ndiyo maana kumpa mawaidha kabla ya kumlisha ni kama kumsomesha mtu mwenye homa kali. Hatachagua kupona kwanza ndipo ale. Anakula kwanza, na akili hurudi nyuma ya chakula, taratibu, mara nyingi miezi baada ya uzito kurudi.

Dalili gani mziangalie? Kwa matroni, kaeni bwaloni badala ya kusubiri zahanati. Anayekosa milo na kila mara ana sababu nzuri. Anayekwenda chooni dakika 10 baada ya kula, akafungua bomba. Mashavu yaliyovimba chini ya masikio kama mwenye matubwitubwi, meno yaliyoanza kupukutika upande wa ndani, na sugu au makovu juu ya vifundo vya vidole vya mkono anaoutumia kujitapisha. Vinyweleo laini mgongoni na mashavuni. Hedhi iliyokatika miezi 3. Mkimbiaji anayevunjika mfupa bila kuanguka: tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikiwaonya makocha kwamba mwanariadha asiyekula kulingana na mazoezi yake hupoteza mifupa na homoni kabla hajapoteza mbio. Kwa wenye kisukari wanaotumia insulini, tazameni wanaoruka sindano ili wapungue. Huo ni mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi. Na wavulana wamo. Wao huanzia kwenye kutafuta misuli, ndiyo maana hatuwaoni.

Kuna maswali 5 yaliyotungwa Uingereza mwaka 1999 ambayo nesi au mwalimu anaweza kuyauliza faraghani. Je, hujitapisha kwa sababu umeshiba hadi ukajisikia vibaya? Je, una hofu kwamba umeshindwa kudhibiti unavyokula? Je, umepungua zaidi ya kilo 6 katika miezi 3? Je, unajiona mnene wakati wengine wanasema umekonda? Je, ungesema chakula kimeyatawala maisha yako? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumpeleka kwa daktari. Maswali haya hayathibitishi ugonjwa, yanafungua mlango tu.

Kabla ya mazungumzo marefu kuhusu hisia, mwili upimwe. Mengine mnaweza kuyafanya nyumbani. Mlaze dakika 5, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 50 akiwa macho, ni hospitali leo, si wiki ijayo. Mwambie achuchumae kisha ainuke bila kushika kitu wala kujisukuma kwa mikono. Akishindwa, misuli imeanza kuliwa na mwili wenyewe. Joto la mwili chini ya nyuzi 35.6, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, kuzimia anaposimama, maumivu ya kifua, kutapika damu, kuchanganyikiwa: yote hayo ni hospitali leo. Na mtu anayesema hataki kuishi asiachwe peke yake. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika kila vifo 5 vya wenye anoreksia, 1 kilikuwa cha kujiua.

Hospitalini ombeni apimwe uzito na kimo, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, sukari, picha kamili ya damu, sodiamu, potasiamu, fosfeti na magnesiamu, na kipimo cha umeme wa moyo. Potasiamu ya kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Si kila maabara hupima fosfeti, kwa hiyo ulizeni kabla ya kusafiri. Na majibu ya damu yakiwa safi msidanganyike. Mwili huficha upungufu kwa muda mrefu, kisha huanguka kwa siku moja.

Hapa ndipo nilipoahidi kukalia. Familia imehangaika miezi, hatimaye mtoto amekubali kula. Furaha! Mama anapika pilau, shangazi analeta soda, sahani inajazwa. Siku ya tatu miguu imevimba, mtoto anahema, moyo unakwenda mbio, siku ya nne amefariki, na watu wanasema amelishwa sumu. Kilichotokea ni hiki. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu una akiba ndogo sana ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu. Wanga na sukari vikiingia kwa wingi, insulini hupanda ghafla, na seli zote huvuta madini hayo kutoka kwenye damu kwa pamoja. Moyo na misuli ya kupumulia hubaki bila kitu. Madaktari waliliona hili baada ya Vita Kuu ya Pili kwa mateka waliofunguliwa na kulishwa kwa huruma.

Walio hatarini zaidi ni waliokaa zaidi ya siku 10 bila chakula cha maana, na watu wazima ambao uwiano wa uzito na kimo uko chini ya 16. Chukua kilo, gawanya kwa kimo katika mita kilichozidishwa kwa chenyewe: mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 41 yuko kwenye 16. Kwa watoto kipimo hicho hakitoshi, hutumiwa chati za ukuaji. Mtu wa kundi hili aanze kulishwa akiwa wodini. Apewe tiamini, yaani vitamini B1, kabla ya chakula cha wanga na kabla ya dripu ya glukosi, kisha chakula kidogo kilichopimwa, kinachoongezwa siku hadi siku damu ikichekiwa. Mzazi ana haki ya kumuuliza nesi kwa upole: “Dada, tiamini ameshapewa kabla ya dripu?” Swali hilo fupi limo ndani ya uwezo wa kila mtu hapa.

Daktari akisema sasa ni salama kula nyumbani, kazi kubwa inahamia mezani. Kuna matibabu yaliyotengenezwa katika hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, kwa watoto na vijana wenye anoreksia, na kwa maoni yangu yanatufaa sisi kuliko wenyewe walioyatengeneza, kwa sababu tuna familia kubwa na wataalamu wachache. Yanasema hivi: wazazi hawakuuleta ugonjwa huu, lakini wao ndio watakaoutoa. Kwa kipindi cha kwanza mzazi anaamua kitakacholiwa, kiasi gani, saa ngapi, kama anavyoamua dozi ya dawa ya malaria. Uzito ukishapanda vizuri, kijana anarudishiwa uamuzi kidogo kidogo: kwanza vitafunio, kisha mlo mmoja. Mwisho ndipo yanazungumzwa ya shule, marafiki na kukua. Kwa kawaida ni vikao kama 20 na mtaalamu katika miezi 6 hadi 12.

Kwa vitendo ni milo 3 na vitafunio 2 au 3, bila kupita saa 3 au 4 katikati. Saa 1 asubuhi, kikombe kikubwa cha uji uliopikwa kwa maziwa badala ya maji, umeongezwa kijiko cha siagi ya karanga, na yai pembeni. Saa 4, ndizi mbivu na kiganja cha karanga. Saa 7, wali, maharage ya nazi, samaki, mchicha na nusu parachichi. Saa 10 jioni, maandazi mawili na chai ya maziwa. Saa 1 usiku, chakula cha familia nzima, kilekile, si chungu cha peke yake. Kabla ya kulala, glasi ya maziwa. Tumbo lililozoea njaa hufanya kazi polepole, mgonjwa hujaa upesi na hasemi uongo anaposema limejaa. Kwa hiyo msiongeze mlima, ongezeni nguvu ndani ya kiasi kilekile. Glasi 2 za maziwa yenye mafuta yake na vijiko 2 vikubwa vya siagi ya karanga ni karibu kilokalori 500 za nyongeza, nazo haziongezi hata tonge moja la ugali. Lengo ni kupanda kama nusu kilo kwa wiki.

Mezani mtu mzima mmoja anakaa naye. Mlo nusu saa, kitafunio robo saa. Maneno yawe machache: “Najua ni vigumu, mwanangu. Chukua kijiko kingine. Sitaondoka.” Akikataa, msibembeleze kwa zawadi wala msimtishie kwa kaburi. Rudieni maneno yaleyale kwa sauti ileile. Choo aende kabla ya kula, na baada ya kula akae na mtu saa nzima: bao, karata, tamthilia, kusuka nywele, chochote kinachoshughulisha mikono. Apimwe uzito mara 1 kwa wiki, mizani ileile, asubuhi, nguo nyepesi, baada ya kwenda haja, na ikiwezekana apimwe kliniki ili mizani isigeuke polisi wa nyumbani.

Linaloharibu zaidi ni watu wazima kutokubaliana. Baba mkali, mama mlegevu, bibi anamwambia mjukuu pembeni, “Basi mama, acha, utakula kesho.” Ugonjwa hupita katika ufa huo. Kaeni wakubwa peke yenu kwanza, bibi akiwemo, mkubaliane kiasi cha sahani, ndipo mtoto aitwe.

La pili ni maneno mema. Mtoto akianza kupata nafuu, shangazi anaingia mlangoni: “Eeh, umenawiri!” Kwetu hiyo ni sifa. Masikioni mwa mgonjwa maana yake ni “umenenepa”, na jioni hiyo sahani inarudi imejaa. Waambieni wageni mapema wasiseme lolote kuhusu mwili, si uzuri si ubaya. Wasalimie, waulize habari za masomo.

La tatu ni miguu kuvimba kwa aliyeacha kujitapisha au kuacha sanamaki. Mwili uliozoea kupoteza maji huyang’ang’ania, mizani inaruka, mgonjwa anaapa kwamba tumemdanganya. Mwambieni mapema: ni maji, hukaa wiki moja hadi tatu kisha huondoka. Kwa aliye wa hatari niliyoitaja, uvimbe huo aangaliwe na daktari siku hiyohiyo. Na meno: akitapika, asipige mswaki hapohapo, asidi imelainisha ganda la jino na mswaki utalikwangua. Asukutue kwa maji, asubiri angalau nusu saa.

Kwa bulimia na kufakamia mlango ni mwingine kidogo, ingawa chumba ni kimoja. Watu hujaribu kuponya kufakamia kwa kujinyima zaidi, na huko ndiko kunakoendesha gurudumu: mchana kutwa chai kavu, usiku mkate mzima, asubuhi majuto na kuapa kutokula. Dawa yake huanza na kifungua kinywa. Ale ndani ya saa moja baada ya kuamka hata kama jana alifakamia, tena hasa kama jana alifakamia. Aandike kwenye daftari saa aliyokula, alikula nini, alikuwa wapi, alijisikiaje, bila kuhesabu kalori. Baada ya wiki mbili daftari litasema lenyewe: Jumapili jioni akiwa peke yake, baada ya ugomvi, baada ya kuruka chakula cha mchana. Tiba ya mazungumzo iliyoandaliwa na Christopher Fairburn wa Oxford hufuata njia hiyo kwa vikao 20 katika wiki 20, au 40 kwa aliyekonda sana. Dawa ya fluoksetini husaidia bulimia, kwa kawaida kwa dozi ya miligramu 60, ambayo ni juu ya ile ya sonona, kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Kwa aliye na uzito wa chini sana haifanyi maajabu, chakula kwanza. Mwambieni daktari kama anajitapisha kabla hajaandika dawa ya sonona, maana mojawapo ya dawa hizo, bupropioni, kwa mtu huyo huweza kuleta degedege.

Mfungo wa Ramadhani na Kwaresma lazima niutaje. Utafiti wa mwaka 2004 kwa wanafunzi wa kike wa sekondari nchini Ghana uliwakuta wachache waliojinyima chakula hadi kukonda vibaya, nao hawakutaja unene hata kidogo, walitaja ibada na kujitawala. Kwa Waislamu, aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine. Mgonjwa wa ulaji ni mgonjwa. Ataona anafanya dhambi, kwa hiyo neno hilo litoke kwa shehe wake, siyo kwa daktari. Padri na mchungaji nao waombwe vivyo hivyo. Anayefakamia huumia zaidi, kwani siku nzima ya njaa ikifuatwa na meza ya futari ni gurudumu lilelile.

Jinsi ya kuanza mazungumzo: si mezani, si mbele ya wadogo zake, si siku ya ugomvi. Semeni mlichokiona, si mnachodhani. “Mwanangu, wiki hii mara nne umetoka mezani ukaenda chooni na kufungua bomba. Sijakasirika. Nina wasiwasi. Jumatatu tunakwenda hospitali, mimi na wewe.” Atakana. Atalia, pengine atasema mnamchukia. Jumatatu nendeni vilevile. Matroni, nanyi msimwite paredi, msimpime mbele ya bweni zima, msimgeuze mfano wa somo. Mwiteni mzazi, mpeni tarehe na mlichoandika.

Mnaanzia wapi? Kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Dirishani semeni moja kwa moja: “Hali chakula kwa makusudi, amepungua kilo kadhaa tangu mwezi fulani,” au “anajitapisha”. Mkisema “tumbo”, mtapewa dawa ya tumbo. Ombeni rufaa kwa daktari wa afya ya akili na afisa lishe, wote wawili. Bara kuna Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, Zanzibar kuna Kidongo Chekundu, na kwa wenye jamaa Nairobi kuna Mathari. Huenda mtaalamu mtakayemkuta hakuwahi kushika mgonjwa wa namna hii. Msikate tamaa naye, vipimo nilivyovitaja anavijua, na kumlisha mtoto mnajua nyinyi. Mtoto anayetaka kuzungumza na mtu asiye wa nyumbani apige 116 bure, Tanzania na Kenya namba ni hiyohiyo. Bebeni daftari lenye tarehe ya hedhi ya mwisho, dawa zote pamoja na zile chai, na uzito wa zamani kama upo kwenye kadi ya kliniki.

Tumebakiwa na dakika za maswali. Mwenye swali asilotaka kulisema mbele za watu, karatasi na kalamu ziko mezani pale mlangoni. Andika bila jina, ukunje, uweke kwenye boksi. Nitaanza na hizo.